Boti ya pangaboi na mkono usiogusa usukani

Mnamo mwaka 1898, wakati Marekani ilipokuwa vitani na Uhispania, watu waliohudhuria maonyesho ya umeme katika jumba la Madison Square Garden mjini New York walikuta bwawa dogo limejengwa ndani ya ukumbi. Juu ya maji kilielea chombo cha chuma chenye umbo la mashua fupi, kikiwa na antena mgongoni na taa ndogo. Kando yake alisimama Nikola Tesla, mhandisi aliyezaliwa Smiljan, kijiji ambacho leo kimo nchini Croatia. Kila alipougusa mtambo uliokuwa mbele yake, chombo kilitii: kikasogea, kikageuka, kikawasha taa na kuzizima. Hapakuwa na waya wala kamba. Baadhi ya watazamaji walisema ni mazingaombwe. Wengine, kwa mujibu wa masimulizi yaliyobaki, walishuku kwamba nyani aliyefunzwa amefichwa ndani.

Hataza ya chombo hicho, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huohuo. Wajukuu wake ni wengi, kuanzia kigari cha kuchezea cha mtoto hadi ndege za kivita zisizo na rubani. Lakini yuko mjukuu mmoja ambaye vitabu vya historia havimtaji, naye ni boti kubwa ya mfano inayosukumwa na pangaboi lililo hewani, inayoendeshwa kwa injini ya petroli na kuongozwa na mtu aliyesimama ufukweni. Mafundi wa ridhaa huziunda boti hizo katika magereji ya nyumba zao, hasa huko Marekani, na jirani husikia kelele kabla ya kuona chochote. Chombo hiki hakina heshima ya manowari. Hata hivyo, ndani yake zimekutana historia mbili zilizoanza mbalimbali, na zote mbili zinahusu jambo moja: nani anakishika chombo pale mkono unapokuwa mbali nacho?

Ili kuelewa ugumu wa jambo hilo, inafaa kuchungulia ndani ya chombo cha Tesla. Sehemu iliyopokea mawimbi ilikuwa bomba dogo lenye chembe za madini. Wimbi la redio lilipofika, chembe zilishikana na kuruhusu umeme kupita. Kisha bomba lilipaswa kugeuzwa ili chembe ziachane na kusubiri wimbi jingine. Kifaa kama hicho hakijui kulia wala kushoto. Kinajua neno moja tu, nalo ni “sasa”. Kila ishara ilisukuma gurudumu hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo iliyoamua kama usukani utapinda huku au kule. Mwongozaji alilazimika kuhesabu kichwani hatua ambazo chombo kimekwishapiga. Akikosea hesabu moja, chombo kinakwenda asikotaka, tena kwa utiifu kamili.

Tesla aliamini kwamba silaha isiyohitaji baharia ingevifanya vita vitishe kiasi cha kukomeshwa. Jeshi la wanamaji la Marekani halikuvutiwa. Miaka michache baadaye mhandisi wa Uhispania, Leonardo Torres Quevedo, alikwenda mbali zaidi kwa mtambo wake ulioitwa Telekino, uliotofautisha amri moja na nyingine kwa idadi ya mapigo, kama afanyavyo karani wa simu ya upepo. Mwaka 1906 aliongoza boti yenye watu ndani yake katika ghuba ya Bilbao, mbele ya Mfalme Alfonso wa 13. Naye pia aliomba fedha serikalini akanyimwa. Huko Massachusetts, John Hays Hammond mdogo, mtoto wa tajiri wa migodi ambaye hakuhitaji kuomba fedha kwa mtu, alituma boti isiyo na mtu kutoka Gloucester hadi Boston mwaka 1914.

Waliouchukua wazo hilo na kulipeleka vitani walikuwa Wajerumani, na jambo la kuzingatia ni kwamba hawakuuamini upepo. Boti zao za kasi, zilizosheheni baruti na zisizo na mabaharia, zilivuta nyuma yake waya mrefu wa kilometa nyingi uliofungwa kwenye kituo cha pwani, huku ndege ikiruka juu na kueleza mahali zilipo. Tarehe 28 Oktoba 1917 mojawapo iliigonga manowari ya Uingereza, Erebus, karibu na pwani ya Ubelgiji. Manowari iliumia lakini haikuzama. Miaka 19 baada ya Madison Square Garden, mtu aliyetaka uhakika bado alifunga waya.

Wakati hayo yakiendelea, nusu ya pili ya hadithi ilikuwa imeanza Kanada, bila redio na bila nia ya kutengeneza boti. Mwaka 1905, huko Baddeck katika jimbo la Nova Scotia, kundi lililoongozwa na Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, lilitaka kupima nguvu ya mapangaboi ya ndege. Kwa kuwa ndege yao wenyewe ilikuwa bado ndoto, walifunga injini na pangaboi juu ya mitumbwi miwili iliyounganishwa, wakakiachia chombo hicho ziwani. Walikipa jina la kinyago, Bata Mbaya, na mwendo wake ulikuwa kilometa sita na kitu kwa saa. Mtu mwenye haraka angekipita kwa miguu kando ya ziwa. Lakini hakikuwa na kitu chochote kilichozama chini ya maji isipokuwa tumbo lake.

Hapo ndipo penye siri yote. Boti ya kawaida husukumwa na rafadha, na rafadha inahitaji kina. Ikikutana na nyasi hujisokota. Ikikutana na mwamba huvunjika. Boti ya pangaboi ina tumbo bapa kama sinia, na injini, pangaboi na usukani vyote viko juu, hewani. Hupita penye maji ya kufika kifundo cha mguu, hupita juu ya matete, na ikiwa na mwendo wa kutosha hupita hata juu ya tope. Waingereza walizitumia boti za aina hiyo katika mto Tigris wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Katika miaka ya 1930 wawindaji wa vyura katika vinamasi vya Everglades, Florida, walijiundia za kwao kwa injini kuukuu za ndege na za magari. Mwaka 1943, katika hifadhi ya ndege ya Bear River jimboni Utah, watumishi wa hifadhi waliokuwa wakihangaika kuwafikia ndege katika maji mafupi walitengeneza yao kwa bati la alumini na injini ya ndege yenye nguvu farasi 40. Katika vita vya Vietnam wanajeshi wa Marekani walizipeleka kwenye delta ya mto Mekong, ambako adui alizisikia zikija kutoka mbali. Na baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, ni boti hizohizo, nyingi zikiwa mali ya watu binafsi, zilizopenya mitaa ya New Orleans iliyofurika na kuwatoa wagonjwa hospitalini.

Lakini yeyote aliyewahi kuziendesha anajua kasoro yake. Boti ya pangaboi haina breki. Haina gia ya kurudi nyuma. Usukani wake ni mabawa yaliyosimama nyuma ya pangaboi, na mabawa hayo hufanya kazi pale tu upepo unapoyapiga. Mwanafunzi anayeona boti ikiuelekea ukingo hufanya kile ambacho silaha ya mwili inamwambia: anapunguza mafuta. Mara hiyo upepo unakufa, usukani unakufa nao, na boti inateleza moja kwa moja hadi pale alipokuwa akipaogopa. Dawa ni kinyume cha hofu. Anapaswa kuongeza mafuta, kuigeuza boti nyuma mbele, na kuutumia msukumo uleule kama breki. Kwa mtu aliyeketi ndani hilo ni gumu. Kwa mtu aliye mita 100 mbali, mwenye rimoti mikononi, linakuwa suala la imani.

Imani hiyo haikujengwa na majeshi. Ilijengwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliokuwa wakicheza. Baada ya vita vya pili vya dunia, vifaa vya redio viliposhuka bei, wapenzi wa boti na ndege za mfano katika Marekani na Ulaya walianza upya pale Tesla alipoachia. Mitambo yao ya miaka ya 1950 nayo ilijua neno moja tu. Ndani ya boti kulikuwa na mpira uliosokotwa, kama ule wa manati, na kila kitufe kilipobonyezwa mpira uliruhusiwa kujisokotoa hatua moja: kulia, katikati, kushoto, katikati. Bila shaka walipoteza boti nyingi. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilipoingia katika mitambo hiyo, uzito na ulaji wa betri vilipungua, na katika miaka ya 1960 ikaja sevo inayofuata mkono: kijiti kikisukumwa kidogo, usukani hupinda kidogo, kikisukumwa sana, hupinda sana. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida, aliweza kumwambia chombo kilicho mbali si “sasa” pekee bali pia “kiasi gani”.

Injini zilikuja kwa njia ya unyenyekevu zaidi. Hazikutoka katika viwanda vya ndege, zilitoka bustanini. Injini ndogo za mashine za kukatia nyasi na za misumeno ya kukatia miti, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, zilikuwa rahisi, zilipatikana kila mahali na zilivumilia kupigwa. Zile za kampuni ya Zenoah ya Japani, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 26 hivi, zilipendwa mno na waundaji wa boti za mfano. Wamarekani huiita petroli “gesi”, neno ambalo limemchanganya zaidi ya mgeni mmoja aliyetokea Mombasa au Dar es Salaam, ambako gesi ni ile ya mtungi wa jikoni.

Fundi anayeamua kuunda boti kubwa ya pangaboi kwa injini kama hiyo huanza na kazi inayoonekana nyepesi. Tumbo ni plaiwudi iliyofunikwa faibaglasi, urefu wake mita moja na nusu au zaidi, bapa chini na lenye mkunjo mbele ili lipande mawimbi. Shida huanza injini inapopanda. Pangaboi lenye kipenyo cha inchi 18 linahitaji nafasi, kwa hiyo injini hukaa juu, na uzito ulio juu hukipindua chombo kwenye kona. Kwa kuwa msukumo nao uko juu wakati maji yanavuta chini, kila mafuta yanapoongezwa omo huinama kama mtu anayesukumwa kichogoni. Aidha, pangaboi linapozunguka upande mmoja, boti nzima hutaka kuinamia upande wa pili. Ndiyo maana betri na tangi la mafuta hulazwa chini kabisa, na mara nyingi kando kidogo ya katikati, upande ule unaotaka kuinuka. Hakuna hesabu inayomaliza kazi hiyo ufundini. Inamalizwa majini, kwa kusogeza betri kidogo kidogo.

Kisha kuna pangaboi lenyewe. Likizunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa mwendo wa mita 190 hivi kwa sekunde, zaidi ya nusu ya mwendo wa sauti. Kwa jicho halionekani. Kuna ukungu tu. Kidole hakina nafasi hapo. Kwa sababu hiyo kizimba cha nyaya si pambo, na boti isiyo na kizimba haipaswi kuwashwa mbele ya watu. Mambo yanayoitwa mchezo yana tabia ya kuwafanya watu wasahau kwamba chuma hakichezi.

Jambo la kustaajabisha zaidi limefichwa katika plagi. Mitambo ya kwanza ya redio duniani, ile ya wakati wa Tesla, ilirusha mawimbi kwa kutumia cheche. Plagi ya injini ya petroli ni cheche vilevile, tena inayopiga maelfu ya mara kwa dakika. Kwa hiyo fundi anapoweka injini na kipokezi cha redio ndani ya boti moja, anakuwa ameweka kando ya sikio la chombo kituo kidogo cha redio kinachopiga kelele bila kukoma. Katika mitambo ya zamani sevo zilitetemeka, usukani ukayumba, na mara nyingine mafuta yakafunguka yenyewe. Tiba ilikuwa plagi zenye kizuizi cha umeme, kofia ya chuma juu ya plagi, nyaya zilizofunikwa, na kukiweka kipokezi mbali na injini kadiri tumbo linavyoruhusu. Bomba la Tesla lililotii kila wimbi lingeshindwa hapo katika sekunde ya kwanza.

Kelele nyingine ilitoka kwa binadamu wenzake. Kwa miongo mingi kila rimoti ilikuwa na masafa yake maalumu, yaliyopangwa na serikali: nchini Marekani vyombo vya mfano vya ardhini na majini vilitengewa eneo la megahezi 75, na nchini Uingereza megahezi 40. Watu wawili wakiwasha rimoti za masafa yaleyale, chombo kilisikiliza sauti mbili na hakikutii hata moja. Kando ya maziwa ya vilabu kulikuwa na ubao wenye vibanio, mara nyingi vile vya kuanikia nguo, kila kimoja kikiwa na namba ya masafa. Asiye na kibanio hakuruhusiwa kuwasha. Amani yote ya ziwa ilitegemea vibanio hivyo.

Jibu lilikuwa limekwishaandikwa muda mrefu, na lilitoka mahali pasipotarajiwa. Tarehe 11 Agosti 1942, mwigizaji wa filamu mzaliwa wa Vienna, Hedy Lamarr, na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya kuongoza torpedo kwa redio inayorukaruka kutoka masafa hadi masafa, kati ya masafa 88, idadi sawa na vitufe vya piano. Adui asiyejua mpangilio wa kuruka asingeweza kuizuia. Wanamaji waliiweka kando. Wapo wanaodai leo kwamba simu za mkononi na intaneti isiyo na waya vyote vilitoka katika hataza hiyo; huko ni kuongeza chumvi, kwani wahandisi wengine waliifikia njia hiyo kwa miguu yao wenyewe. Lakini wazo lilikuwa sahihi. Katikati ya miaka ya 2000 rimoti za gigahezi 2.4 ziliingia madukani, zikitumia njia za jamii hiyo, na kila kipokezi kikafundishwa kumtambua bwana wake peke yake. Plagi ikaendelea kupiga kelele, lakini mbali na masafa ambayo boti ilikuwa ikisikiliza. Ubao wa vibanio ukawa kumbukumbu.

Bado limebaki swali la Wajerumani wa 1917: uzi ukikatika? Mitambo ya sasa hujibu kwa kuamua mapema. Kipokezi kikipoteza mawimbi, sevo hufunga mafuta, na katika boti zilizoundwa vizuri swichi ya pekee hukata umeme wa plagi ili injini izime kabisa. Mafundi makini hawauamini uamuzi huo hadi wauone. Huifunga boti kwenye nguzo, huiwasha injini, kisha huzima rimoti kwa makusudi. Injini ikiendelea kunguruma, boti hairudi majini siku hiyo. Na hapa boti ya pangaboi, ambayo ni kaidi katika kila jambo jingine, ina fadhila moja: bila upepo haina nguvu wala usukani, hivyo inateleza, inapungua, inasimama, na inasubiri mtu aje na kasia.

Chombo cha namna hii kimerudi kwenye kazi pia, kikiwa kimya zaidi. Kuanzia miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh walijenga boti ndogo za pangaboi zinazotumia umeme, simu ya mkononi ikiwa ubongo wake, kwa ajili ya kupima maji. Walichagua pangaboi kwa sababu ileile ya wawindaji wa vyura: majani hayawezi kulikamata.

Nchini Kenya, wanasayansi waliochunguza mto Mara walikabiliwa na tatizo ambalo Tesla angelielewa. Viboko wapatao 4,000 hula nyasi usiku na kushinda mtoni mchana, na kila siku huingiza majini kilo 8,500 hivi za nyasi zilizosagwa nusu. Ili kujua madimbwi yao yana oksijeni kiasi gani, mtu angepaswa kuingia humo, na hakuna mwenye akili timamu anayeingia katika dimbwi la viboko na kutarajia kutoka. Chombo kidogo chenye vipimo kiliingia badala yake, mwongozaji akiwa amesimama ukingoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: chini ya madimbwi hayo maji hukosa hewa, na mvua kubwa inapoyasukuma kuelekea bondeni, samaki hufa. Wakazi wa kando ya Mara walikuwa wameona samaki hao wakielea kwa miaka mingi.